Paka Si Ng'ombe Mdogo

Mabuki tulisomea ng'ombe. Chuo hicho cha mifugo kiko Misungwi, kando ya barabara itokayo Mwanza kwenda Shinyanga, na anayehitimu pale hatoki bila kunuka samadi kidogo. Tulishika tezi za ndama chini ya masikio kutafuta ndigana kali. Tulibonyeza paja la ng'ombe aliyekufa kwa chambavu tukasikia hewa ikichakarika chini ya ngozi. Vinundu vya mapele ngozi tulivitambua tukiwa bado mlangoni mwa zizi. Mbuzi alipata sehemu yake, kuku yake, mbwa akaja na somo la kichaa. Paka naye alitajwa humohumo kwenye kichaa, harakaharaka, kisha tukarudi kwa ng'ombe.

Siulaumu mtaala. Usukumani ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye ada ya shule. Hata sayansi ya wadudu iliyoipa Shinyanga jina nje ya mipaka yetu ilikuwa ya ng'ombe. Katika miaka ya 1930, Old Shinyanga palikuwa na watafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, Mwingereza aliyetaka kujua kila kitu kuhusu mdudu huyo: anapumzika mti gani, anamfuata mnyama yupi, anazaa wapi. Alikufa mwaka 1938 kwa ajali ya ndege, na hadi leo aina mojawapo ya mbung'o wa kanda hii inaitwa kwa jina lake, Glossina swynnertoni. Babu zetu nao walifyeka mapori, mara nyingi kwa amri, ili mbung'o akose kivuli. Mtu aliyekulia kwenye historia hiyo akiona uvimbe juu ya ngozi ya mnyama yeyote, mawazo yanakimbilia zizini, na mkono unakimbilia chupa iliyoko zizini.

Nililiona hilo waziwazi nilipofungua duka la dawa za mifugo Katoro, mkoani Geita. Nilidhani nitauza chanjo za kuku na dawa za minyoo za mbuzi. Wachimbaji wakaniletea paka.

Asiyezijua kambi za dhahabu atashangaa. Lakini fikiria chakula kinacholala ndani ya turubai: magunia ya mahindi, unga, mchele, dagaa wa ziwani. Panya hawahitaji mwaliko. Kwa hiyo mchimbaji hununua paka kama anavyonunua koleo, na mama ntilie anayepikia watu wa duara, yaani shimo la dhahabu, humtunza paka wake kuliko anavyozitunza sufuria. Dhahabu ikikata, watu hung'oa maturubai na kukimbilia rashi mpya, Nyarugusu leo, Mgusu kesho, na paka hubaki. Wanaobaki huzaana, hugombana, na huletwa kwangu wakiwa na vinundu.

Mfugaji mmoja alinijia na paka kwenye kapu akaniambia, "Dokta, huyu kapata mapele ngozi. Analala na ndama." Nikamwambia mapele ngozi ni ugonjwa wa kirusi, ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1929 kule Zambia, wakati huo Rhodesia ya Kaskazini, na kwamba wadudu wanaouma huusambaza kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Paka haupati, hata akilala juu ya mgongo wa fahali. Alinitazama kwa mashaka. Akasema vinundu ni vinundu.

Mama mmoja wa mialoni, kunakooshewa mchanga wa dhahabu, anayeosha marudio, yaani mabaki ya mchanga huo, kwa karai, alikuwa na maelezo mengine: zebaki. Hofu yake ina msingi, kwa kuwa zebaki inachanganywa kwa mikono mitupu na kuchomwa karibu na sufuria za chakula. Paka pia wana historia nayo. Katika mji wa Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka waliokula samaki wenye sumu ya zebaki walianza kuyumba, kuzunguka na kupata degedege, na ugonjwa ukaja kutambuliwa rasmi kwa watu mwaka 1956. Lakini sumu ile inashambulia neva na ubongo. Haioteshi uvimbe wenye tundu katikati. Nilimshauri aogope zebaki kwa ajili ya wanawe na figo zake mwenyewe, na kuhusu paka tutafute mwingine wa kumshuku.

Hayo makosa ya kutaja jina hayana gharama kubwa. Gharama inakuja na dawa. Kila nyumba yenye ng'ombe ina chupa ya dawa ya kuogeshea, ile ya kupe, na nyingi kati ya hizo zina cypermethrin au deltamethrin. Ng'ombe anazistahimili. Binadamu akimwagikiwa na kunawa, mara nyingi anasikia mwasho tu. Ini la paka halina uwezo huo. Kimeng'enya kinachosaidia wanyama wengine kuzivunja kemikali hizi na kuzitoa mwilini, kwake ni hafifu mno. Na paka hujilamba. Chochote unachompaka mgongoni, baada ya saa moja kiko tumboni. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka joshoni na maji kidogo ya dawa kwenye ndoo, akamchovya paka wake aliyejaa viroboto, kwa nia njema kabisa. Jioni masikio ya paka yalianza kutetemeka, kisha ngozi ya mgongo, kisha mwili wote. Walimnywesha maziwa, kwa kuwa kwetu maziwa ni jibu la kila sumu. Nilipofika nilidai sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, tukamwosha, lakini muda ulikuwa umepita. Mwenyewe alibaki akirudia kwamba ng'ombe wake arobaini walikuwa wamepita kwenye maji yaleyale na wote wanatafuna majani.

Amitraz, dawa nyingine ya majoshoni, nayo si ya paka. Oili chafu ya gereji, tiba inayopendwa kwa ukurutu wa mbwa, humlewesha paka na kumharibu ndani anapoilamba. Panado ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu imo mfukoni mwa kila mtu: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Damu yake hushindwa kubeba hewa, fizi zikageuka rangi ya kahawia, uso ukavimba. Nimeshaonyeshwa uvimbe wa uso wa namna hiyo kama dalili ya ugonjwa, kumbe ni dalili ya tiba.

Sasa nije kwa uvimbe ulionifunza kazi yangu zaidi ya darasa lolote.

Msimu wa mvua, kijana alinifuata na bodaboda kutoka kijiji kimoja wilayani Geita. Hakuja kwa huruma ya paka. Alisema paka wa bibi fulani ana uvimbe unaopumua, na kwamba watu wameshaanza kusema. Msomaji wa Kanda ya Ziwa anajua maana ya "watu wameshaanza kusema". Bibi yule alikuwa mjane, anaishi peke yake, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kikavu. Kwetu Shinyanga, na Geita vilevile, kuna vikongwe waliouawa kwa mapanga kwa sababu ya macho ya namna hiyo. Mzigo huo ungetosha hata kama asingekuwa na paka.

Nilimkuta ameketi nje, paka mapajani, na vijana wamesimama mbali kidogo wakijifanya wana shughuli. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumwona mgonjwa au kuniona mimi?" Nilimwambia nimekuja kwa mgonjwa. Akaniachia nafasi kwenye mkeka.

Uvimbe ulikuwa ubavuni, mwingine karibu na mkia. Nyoya zilikuwa zimeshikana kwa majimaji. Katikati palikuwa na tundu dogo, na ndani ya tundu kitu cheusi kilipanda, kikasita, kikashuka. Ni kweli kilikuwa kinapumua. Ndiyo sababu ya funza huyo kuja juu: ana matundu ya kupumulia kwenye ncha ya mkia wake, na asipoyaweka hewani atakufa.

Nikawaita vijana waje karibu. Sikutaka kuifanya kazi ile chumbani. Bibi alimfunga paka kwa kitenge, akabakiza ubavu tu, nami nikaufunika uvimbe kwa mafuta ya mgando hadi tundu likazibwa. Kisha tukasubiri, na wakati wa kusubiri nikasimulia. Kuna nzi mnene wa rangi ya manjano iliyokolea udongo, mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, ambaye wataalamu wanamwita Cordylobia anthropophaga. Hamuumi mtu. Anatafuta kivuli, mchanga ulionuka mkojo wa panya au wa mbwa, au nguo mbichi iliyoanikwa penye uvuli, na hapo anataga mayai mia hadi mia tatu. Mayai yanaanguliwa baada ya siku chache. Kifunza kidogo kisichoonekana vizuri kwa macho hukaa mchangani kikingoja, wiki nzima na zaidi kikibidi. Joto la mwili likipita, kinainuka na kupenya ngozi, na aliyepenywa mara nyingi hasikii kitu. Mwenyeji wake wa asili ni panya. Paka anamfuata panya mpaka malaloni pake, kwa hiyo anakutana na kilichokuwa kikimngoja panya.

Kijana mmoja akauliza, "Na nani anamtuma huyo nzi?" Nikamwambia mvua.

Funza akaanza kuhangaika chini ya mafuta. Nilibonyeza pande zote mbili, taratibu, nikamshika kwa kibano bila kumkamua, kwa kuwa akipasukia ndani ngozi huchachamaa na kuoza. Alitoka mzima: mweupe, mnene, mwenye vimiba vyeusi, urefu wa sentimita moja na kitu. Nikamweka kwenye sahani nyeupe niliyoiomba makusudi. Akajinyonganyonga mbele ya kila mtu. Wa pili alikuja kwa taabu kidogo. Paka alinguruma, bibi akamwambia anyamaze, kuna wageni.

Hapo yule kijana aliyenifuata kwa bodaboda akainua shati lake. Kiunoni, pale mkanda unapokaa, alikuwa na jipu alilokuwa akilikanda kwa maji ya moto tangu majuzi. Lilikuwa na tundu. Nilipaka mafuta, tukasubiri tena, na kwake akatoka funza wa aina ileile, nikamweka kwenye sahani ileile pamoja na wa paka. Nguo zake, alikiri, huzianika kwenye majani nyuma ya nyumba ili zisiibwe.

Bibi alimtazama kwa hayo macho yake mekundu, akasema, "Basi na huyu naye ni mchawi."

Walicheka wote, na yeye zaidi. Sitaki kukuza mambo: sahani moja haiondoi imani iliyokaa kizazi baada ya kizazi, na sijui kilichosemwa usiku ule baada ya mimi kuondoka. Najua tu kwamba kijana yule alimletea bibi mkaa wiki iliyofuata, apige pasi kitenge chake na gunia la paka. Joto la pasi huua mayai, ndiyo maana mama zetu hupiga pasi nepi za watoto wachanga mbele na nyuma. Gunia lenyewe lilikuwa chini ya kihenge, kwenye vumbi la kivulini penye mkojo wa panya. Tukalitoa juani.

Baada ya siku ile nilibadili utaratibu wa dukani. Anayeuliza dawa ya uvimbe wa paka simuuzii kitu kabla sijamuona paka, au angalau kabla hajanijibu. Uvimbe uko wapi? Una tundu? Una joto? Analala wapi? Aligombana lini? Ukiwa masikioni na usoni, wenye magamba makavu na kujikuna usiku na mchana, huo ni ukurutu wa utitiri. Ukiwa kwenye nyayo za paka aliyelala penye sakafu ya vumbi, kidoa cheusi katikati ya duara jeupe, ni funza yule wa miguuni tuliyemzoea sisi wenyewe, mgeni aliyeletwa Afrika na meli iliyotoka Brazili kwenda Angola mwaka 1872 na akavuka bara zima kabla karne haijaisha. Ukiwa tumboni mwa paka jike mzee, mgumu, umeshikana na chuchu, sina habari njema: kwa paka, vinundu vya matiti kwa sehemu kubwa ni saratani, na sindano za kuzuia mimba anazochomwa ili asizae huongeza hatari hiyo. Paka mweupe mwenye kidonda kisichopona ncha ya sikio anaweza kuwa na saratani ya jua, jua lilelile linalowatesa ndugu zetu wenye ualbino.

Hata dawa sahihi ina hesabu yake. Ivermectin ya sindano tunayowachoma ng'ombe, ile ya asilimia moja, ni mililita 1 kwa kila kilo 50. Ng'ombe wa kilo 250 anapata mililita 5. Paka wa kilo 3, ukitumia kipimo hichohicho, anafikia mililita 0.06, yaani tone moja na kidogo, na hata hilo tone ni la kuamuliwa na daktari aliyempima, si la mtoto wa paka kabisa. Bomba la sindano la ng'ombe halina hata mstari wa kukionyesha kipimo hicho. Mtu anayesema "nimempa kidogo tu" kwa kawaida amempa ng'ombe mzima.

Wadudu walio ndani ya paka hawaonekani kama vinundu, ila hujitangaza kwa namna zao. Punje mfano wa mchele chini ya mkia ni vipande vya tegu, na tegu huyo paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba, si kwa kula dagaa kama wengi wanavyoapa. Ukimpa dawa ya minyoo na kuwaacha viroboto kwenye gunia, umejiwekea miadi mingine. Kinachonitia wasiwasi zaidi mialoni ni marudio. Vile vichuguu vya mchanga laini uliosagwa na karasha viko uani mwa watu, na paka hawajawahi kupewa choo kizuri kama hicho. Kinyesi cha paka kinaweza kubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya toxoplasma, ambavyo ni hatari kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni. Vijidudu hivyo havimwambukizi mtu siku ya kwanza; vinahitaji siku moja hadi tano vikiwa nje ndipo vikomae. Anayezoa kinyesi kila siku amevitangulia. Anayeosha mchanga wa wiki nzima kwa mikono mitupu, akiwa na mimba, kisha akala ugali, yuko nyuma.

Mafundi wa matimba, wale wanaoweka nguzo mashimoni, huniuliza kama wao wana la kuogopa kutoka kwa paka. Huwa nawasimulia migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako miaka ya 1940 wachimbaji dhahabu karibu 3,000 walipata vinundu vya ngozi kwa kuvu iliyoota kwenye nguzo za mbao za mgodini. Ilikwisha mbao zilipotibiwa. Jamaa wa kuvu hiyo anahangaisha Brazili tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na huko anayemwambukiza mtu ni paka, kwa kucha na meno. Kwa hiyo uvimbe unaochuruzika na usiopona, kwa paka au kwa fundi, usitumbuliwe kwa kisu cha kambini.

Lakini ukweli wa dukani ni kwamba uvimbe mwingi hauna Brazili wala Afrika Kusini ndani yake. Ni ugomvi. Jino la paka ni jembamba, linachoma kina kirefu na tundu linafunga upesi, na bakteria wanabaki wamefungiwa ndani. Siku chache baadaye jipu la moto linatokea shavuni au kwenye shina la mkia, kutegemea alikuwa akikabili au akikimbia.

Kijana mmoja wa duara la Lwamgasa alimleta dume la namna hiyo kwenye kiroba kilichotobolewa matundu. Alikuwa ameomba dawa ya kupe "ya ng'ombe, kidogo tu". Nilipomaliza maswali akalalamika, "Dokta, mimi mwenyewe zahanati hawaniulizi hivi." Daktari wa mifugo wa wilaya alilipasua jipu, usaha ukatoka, tukaosha, paka akachomwa antibiotiki inayomfaa. Nikamweleza kijana kwamba dume akihasiwa ugomvi hupungua sana, na majipu hupungua nao.

Akashtuka kana kwamba nimemtaja yeye. Akasema hawezi kuamua peke yake, paka ni wa kambi nzima, lazima wakae kikao. Walikaa. Walikataa kwa kauli moja, ila walichanga fedha ya jipu litakalofuata.